Mwulize Aliyelala Chini ya Gari

Mtu akitaka pikapu yake mwenyewe hapa Mombasa, na ana boti au tela la kuvuta, mazungumzo hayachelewi kufikia majina mawili: Toyota Hilux na Isuzu D-Max. Ubishi wenyewe hunoga barazani, vikombe vya kahawa chungu vikizunguka, na kila upande una mashahidi wake. Huyu ana mjomba aliyefika Lamu na yake wakati wa masika, yule ana jirani aliyebeba matofali miaka kumi bila kufungua injini. Mimi mashahidi wamenichosha. Jibu la maana nimeona linatoka kwa mtu mmoja tu, naye huwa amelala chali juu ya boksi lililokunjuliwa, tochi kinywani, nyundo ndogo ubavuni. Huyo ndiye ninayetaka kumsifu.

Ninayemjua mimi anafanya kazi upande wa Kibarani. Apitaye haraka kutoka kisiwani kwenda Changamwe anaikumbuka Kibarani kwa jaa la taka lililofuka moshi miaka nenda miaka rudi hadi lilipofungwa, na kwa foleni ya malori ya makontena yatokayo Kilindini. Tangu 2022 pana daraja la Makupa, mahali pa ile njia ya zamani ya kifusi iliyokuwa imeziba maji kati ya mkono wa bahari wa Tudor na ule wa Port Reitz. Palipo na malori hapakosi mafundi. Na hapa bahari iko kulia na kushoto, upepo wake una chumvi usiku na mchana, kwa hiyo fundi wa Kibarani amesomea kutu kabla hajasomea injini.

Swali lake la kwanza halihusu gari hata kidogo. Kijana mmoja alimjia nikiwapo, simu imejaa picha za pikapu mbili, akaanza kutaja nguvu za farasi. Mzee akamkata.

"Utavuta nini, mwanangu?"

"Boti, ami. Ya fiberi, na mashine yake."

"Tela lina breki?"

Kijana akanyamaza. Hapo ndipo maarifa yanapoanzia. Hilux na D-Max za miaka hii, zenye injini kubwa na magurudumu manne yanayosukuma, watengenezaji wake wanaziruhusu kuvuta hadi tani 3.5 kwa matoleo mengi, lakini ni kwa tela lenye breki zake lenyewe. Tela lisilo na breki mwisho wake ni kilo 750, kwa hii na kwa ile. Boti ya mita sita, mashine, mafuta na chuma cha tela chenyewe hukaribia tani moja na nusu bila shida. Kwa hiyo vijana wanaoshindanisha pikapu hizi kwa uzito wa kuvuta wanashindanisha vitu vilivyo sawa, huku swali lenyewe, la breki za tela, hakuna aliyeligusa.

Akaendelea na jambo ambalo sijaliona kwenye tangazo lolote. Uzito wa tela unapaswa kuegemea kidogo mbele, kama sehemu moja ya kumi, pale kwenye tufe la chuma linaloshikana na gari. Boti ina mashine yake tezini, na tezi ndiyo iliyo mwisho wa tela, basi uzito unarudi nyuma wenyewe. Ukiuachia, tela litaanza kuyumba barabarani kabla hujafika kasi ya maana, na nyuma ya pikapu itakuwa nyepesi kama inayotaka kupaa. Dawa yake ni kusogeza boti mbele au kuhamisha ekseli ya tela. Injini kubwa haisaidii kitu hapo.

Baada ya hayo ndipo akakubali kwenda kuziona gari zenyewe. Moja ilikuwa Hilux ya lita 3.0, toleo tunaloliita Vigo, nyeupe, inang'aa. Nyingine D-Max ya lita 3.0, viti vimechanika, bodi ina mikwaruzo ya miba. Kwa mtu wa baraza shauri lilikuwa limekwisha.

Historia ya magari haya ina kichekesho chake. Hilux imekuwa ikitengenezwa tangu 1968, lakini Japani kwenyewe iliacha kuuzwa mwaka 2004 na haikurudi mpaka 2017, nayo ilirudi ikitoka Thailand. D-Max, iliyotoka 2002, Wajapani hawajauziwa kabisa. Kwa hiyo yule anayekuambia Vigo au D-Max yake "imetoka Japani moja kwa moja" mpe pole. D-Max nyingi tunazoziona ziliunganishwa Nairobi, kwenye kiwanda kilichokuwa cha General Motors hadi Isuzu ilipokitwaa mwaka 2017. Nyingine za mitumba huja kutoka nchi nyingine zinazoendesha kushoto, Uingereza ikiwemo. Na Uingereza wakati wa baridi humwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu. Gari linakula chumvi kule, linapanda meli, kisha linakuja kula chumvi nyingine hapa. Sheria inakataza kuingiza gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, lakini miaka minane ya chumvi ni mingi.

Ndiyo maana mzee haanzi na boneti. Anaingia chini. Anagonga chesisi kwa nyundo yake kuanzia mbele, polepole, na anasikiliza. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinanong'ona. Alipofika nyuma ya ile Hilux, pale springi za majani zinaposhikiliwa, sauti ikabadilika. Akapitisha kucha: rangi nyeusi, ya lami, mbichi. Chini yake kutu ikabanduka vipande. Kisha akamulika matundu ya boliti za chuma cha kuvutia tela, akaniita nione. Matundu yalikuwa yamerefuka, umbo la yai. Gari hilo lilikuwa limevuta mizigo mizito muda mrefu, chuma kikicheza mle ndani kila linapoondoka na kila linaposimama. Muuzaji akakiri kwamba lilikuwa la hoteli ya ufuoni, likiingiza pikipiki za majini baharini.

Mwaka 2003 kipindi cha Top Gear cha BBC kiliitosa Hilux ya dizeli baharini, wakaichoma moto, wakaipandisha juu ya jengo likabomolewa, na bado injini ikawaka. Watu wa bara wakiangalia hushangaa injini. Mtu wa Kibarani hujiuliza chesisi yake ilikuwaje miaka mitatu baadaye.

Injini nazo zina yake, ila nitapita upesi. Hilux ya Vigo inatumia mkanda wa taimingi, na mkanda una umri: kama kilomita 150,000 hivi ubadilishwe, la sivyo utakatika na valvu zitakutana na pistoni. D-Max nyingi za lita 3.0 zinatumia cheni. Hilux ya toleo lililofuata, la 2015, nayo ikahamia cheni. Mzee alidai injini ziwe baridi. Aliweka kiganja juu ya boneti ya Hilux, akatabasamu. Ilikuwa moto. Mwenye gari aliyeiwasha kabla hujafika anaficha asubuhi yake, akasema, na asubuhi ndipo nozo mbovu zinapogonga. Wakaisubiri ipoe. D-Max akaiwasha papo hapo, akafungua kifuniko cha oili, akaangalia kama moshi unapiga pumzi, haukupiga. Akaweka gia ya nne, akavuta breki ya mkono, akaachia klachi taratibu. Injini ikazima. Klachi ni nzima. Iliyochoka ingeendelea kuunguruma pale pale bila kuona haya.

Uamuzi wake ulikuwa D-Max, na kijana uso ukamshuka. Hilux ina heshima yake mjini, na ukiiuza haikai wiki. Hilo mzee hakulibisha. Mimi ningelibisha kidogo: bei ya kuuza tena inakuhusu siku moja tu, ilhali chesisi inakuhusu kila unapokanyaga breki na tani moja na nusu iko mgongoni. Lakini yeye hana ushabiki. Angeikuta Hilux ya mkulima wa Mwatate na D-Max ya hoteli, angesema kinyume bila kubadili sauti. Hapo ndipo ninapoiona fani yake. Watu wengi huijua Toyota, au huijua Isuzu. Yeye analijua gari hili hapa, la leo, lenye tundu hili.

Na malipo yake ni aibu yetu. Dalali aliyepiga picha za simu huondoka na maelfu kwa kuwakutanisha watu wawili ambao wangekutana tu. Fundi aliyemwokoa mnunuzi na chesisi iliyooza hupewa pesa ya chakula cha mchana na ahadi ya "tutaonana". Kijana wa watu, kwa bahati, alilipa vizuri, nadhani kwa sababu nilikuwa nikimtazama.

Kabla hajaondoka alipewa somo la mwisho, nalo lilihusu tela. Likifika ufuoni usiliingize majini hapo hapo. Beringi za magurudumu zimepata moto barabarani. Zikitumbukia kwenye maji baridi hewa iliyo ndani hunywea na kuvuta maji ya chumvi yapite sili hadi kwenye grisi. Kunywa chai kwanza, zipoe. Chomoa waya wa taa. Ukitoa boti, osha gari na tela chini kote, springi, ekseli, ngoma za breki, siku ile ile.

"Nina kisima nyumbani, ami."

"Kisima cha wapi?"

"Mji wa Kale."

Mzee akacheka mpaka akakaa. Maji ya visima vya kisiwa hiki yana chumvi yake. Atakuwa anaosha chumvi kwa chumvi. Ya mfereji ndiyo yafaayo, na mfereji Mombasa hutoka unapojisikia.

"Basi hesabu mitungi sita kwa mwenye mkokoteni kila ukirudi baharini," akamwambia, akifuta nyundo kwa kitambaa. "Na hiyo uiingize kwenye bei ya gari, kabla hujampigia muuzaji."