Mililita 1.4 za asidi: jinsi ureasi ya udongo wa Tabora inavyopimwa

Mkulima wa mahindi wa Tabora akishamaliza palizi, huenda dukani kutafuta mbolea ya kukuzia, na mara nyingi hutoka na urea. Mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za nitrojeni, kiwango ambacho mbolea nyingine za chenga hazikifikii. Lakini urea ikishatua shambani, kwa sehemu kubwa hubidi ivunjwe kwanza ndipo iufae mmea wa mahindi. Kinachoivunja ni kimeng'enya kiitwacho ureasi, kinachotoka kwa bakteria, kuvu na mabaki ya mimea. Kila molekuli ya urea hutoa molekuli mbili za amonia na moja ya kaboni dayoksaidi. Kazi hiyo ikienda haraka juu ya mchanga usioweza kuishika amonia, sehemu ya kilo zile 23 hupaa hewani.

Basi swali la kimaabara linasikika jepesi: udongo huu una ureasi kiasi gani? Jibu huja kama namba moja kwenye karatasi, na namba hiyo ndiyo ninayotaka kuichambua, kwa sababu haisomeki peke yake. Ureasi haipimwi kwa kuitoa kwenye udongo na kuiweka kwenye mizani. Hupimwa kwa kuilisha urea na kuhesabu amonia inayotoka kwa muda fulani, katika hali ambazo mpimaji mwenyewe amezichagua. Akibadili hali, namba inabadilika, ilhali udongo ni uleule.

Maabara ya hospitali hutumia mmenyuko huohuo kwa kuugeuza. Pale kinachotafutwa ni urea iliyomo kwenye damu ya mgonjwa mwenye mashaka ya figo. Ureasi humiminwa kwa wingi, halafu kimeng'enya cha pili huikamata amonia huku kikitumia kemikali iitwayo NADH, na mashine hutazama mwanga wa nanomita 340 unavyopungua kufyonzwa. Kwenye udongo ni kinyume: urea ndiyo ya kumwaga, kimeng'enya ndicho kisichojulikana. Anayetoka maabara ya hospitali kuja kwenye udongo hupotea mara nyingi hapa, akajali sana usafi wa kimeng'enya asichokinunua na kusahau kuhakikisha urea haiishi njiani.

Kazi huanza shambani. Tuchukue Gongoni, kata ya mjini Tabora, na mashamba yanayoanza mji unapoishia. Mji huu ulikuwa kituo kikuu cha misafara. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walifika mwaka 1857 wakiuita Kazeh, na wapagazi walilishwa kwa nafaka ya Unyanyembe, nchi inayouzunguka mji. Viwanja vilivyokaliwa muda mrefu vina majivu, samadi ya mbuzi na taka za jikoni zilizozikwa. Sampuli ya bustani ya mchicha nyuma ya nyumba haiwezi kusimama badala ya shamba la mahindi lililo nje ya mji. Bustani ina mboji zaidi, na ureasi hufuata mboji. Tena huenda tayari ina amonia yake kabla mpimaji hajagusa kitu.

Nje ya mji kuna jambo jingine la kuzingatia. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa kituo cha Amani huko Usambara, ndiye aliyetoa mwaka 1935 dhana ya katena: kwamba katika nchi kama Unyamwezi na Usukuma udongo hubadilika kwa mpangilio kutoka juu ya mwinuko hadi bondeni. Juu kuna mchanga mwepesi, chini kuna mbuga yenye mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi, ambako watu hulima mpunga. Mpimaji anayechanganya ndoo moja ya juu na ndoo moja ya mbuga ili apate "wastani wa shamba" ametengeneza udongo usiokuwepo popote. Sampuli zichukuliwe kwa mteremko, kila ngazi na mfuko wake, sentimita 10 hadi 15 za juu, zichekechwe kwa chekeche la milimita 2.

Kuhusu kukausha, ureasi ya udongo ni sugu kuliko watu wanavyodhani. Imejishikiza kwenye mfinyanzi na mboji, na kuanikwa kivulini hakuidhuru sana. Tanuri la nyuzi 105 ni habari nyingine. Humo iingie ile sehemu ndogo tu ya kupimia unyevu, kisha itupwe.

Njia inayotajwa zaidi ni ya Tabatabai na Bremner wa Chuo Kikuu cha Iowa State, iliyochapishwa mwaka 1972. Gramu 5 za udongo huingia kwenye chupa ya ujazo ya mililita 50. Huongezwa mililita 0.2 za tolueni ili vijidudu visizaane wakati wa kusubiri, kisha mililita 9 za bafa ya pH 9.0 na mililita 1 ya urea ya mola 0.2. Chupa hufunikwa na kukaa saa mbili kwenye nyuzi 37. Muda ukiisha, humiminwa myeyusho wa kloridi ya potasiamu wenye sulfati ya fedha. Potasiamu huing'oa amoniamu iliyoshikwa na chembe za udongo. Fedha hukizima kimeng'enya palepale. Pasipo kuzima hivyo, chupa ya kwanza kupimwa na ya kumi zingekuwa zimefanya kazi kwa muda tofauti, na hakuna ambaye angejua.

Kisha kuna chupa ya ulinganisho, na kwa maoni yangu hii ndiyo roho ya kipimo chote. Nayo hupewa udongo, tolueni, bafa na saa zake mbili, lakini urea huingia baada ya fedha, kimeng'enya kikiwa kimeshazimwa. Amonia itakayoonekana humo ni ile iliyokuwepo tangu awali, pamoja na uchafu wowote wa urea yenyewe. Kwenye udongo wa bustani ya Gongoni inaweza kuwa nyingi. Asiyeitoa atasema bustani ina ureasi kali, kumbe amepima mkojo wa mbuzi wa wiki iliyopita.

Amonia hukenekwa kwa mvuke: mililita 20 za myeyusho pamoja na gramu 0.2 za oksidi ya magnesiamu, na mvuke hupokelewa ndani ya asidi ya boriki. Hufuata titresheni kwa asidi ya salfuriki ya nomaliti 0.005, ambayo kila mililita yake ni sawa na mikrogramu 70 za nitrojeni. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, chupa ya udongo imekula mililita 1.9 na ya ulinganisho 0.5. Tofauti ni mililita 1.4, yaani mikrogramu 98. Hizo ni za mililita 20 kati ya 50, kwa hiyo tunazidisha kwa 2.5 na kupata 245. Ikiwa gramu 5 zile zilikuwa na gramu 0.4 za maji, udongo mkavu ni gramu 4.6. Gawanya kwa 4.6, kisha kwa saa 2: mikrogramu 26.6 za nitrojeni kwa gramu kwa saa.

Kabla ya kuiandika namba hiyo, ipo hesabu ndogo inayorukwa na wengi. Ndani ya chupa tuliweka mikromoli 200 za urea, na kila mikromoli ina mikrogramu 28 za nitrojeni. Jumla ni 5,600. Tumetumia 245, kama asilimia 4.4. Vizuri. Urea ilibaki tele mpaka mwisho, kwa hiyo kasi tuliyoipima iliamuliwa na kimeng'enya. Ingekuwa imeliwa nusu yake, tungekuwa na haki ya kushuku kwamba kasi ilianza kushuka kwa njaa, na dawa ni kupunguza udongo au muda.

Wasio na mtambo wa kukeneka hutumia rangi. Kandeler na Gerber walichapisha mwaka 1988 njia ambayo amonia hugeuzwa rangi ya kijani-buluu kwa salisilati na chanzo cha klorini, kisha kusomwa kwa spektrofotometa. Ni jamaa wa mmenyuko wa Berthelot wa mwaka 1859. Kitendanishi cha Nessler nacho kinafanya kazi, ila kina zebaki, na mkoa wenye wachimbaji wadogo wa dhahabu hauhitaji zebaki zaidi.

Sasa turudi kwenye hali zilizochaguliwa. Bafa ya pH 9.0 na nyuzi 37 ziliwekwa ili kimeng'enya kionyeshe uwezo wake wa juu. Mchanga wa Tabora kwa kawaida una tindikali. Kwa hiyo 26.6 yetu ni uwezo, si mwenendo wa shambani. Njia za bila bafa, zinazouacha udongo na pH yake, kwa kawaida hutoa namba ndogo zaidi, na hiyo ndiyo inayokaribia kumsemesha mkulima. Kandeler na Gerber wenyewe waliandika njia zote mbili, yenye bafa na isiyo nayo. Naona kwa udongo wa huku zipimwe zote mbili sambamba. Pengo kati yake lina habari zaidi kuliko kila moja ikiwa peke yake.

Hata hivyo namba ndogo ya ureasi kwenye mchanga isimpe mtu matumaini ya bure. Mbuga yaweza kuwa na ureasi nyingi na bado ikapoteza amonia kidogo, kwa sababu mfinyanzi wake huishika amoniamu. Mchanga wa juu una ureasi kidogo, lakini hauna cha kushikia. Punje ya urea ikiyeyuka, pH inayoizunguka hupanda kwa amonia yake yenyewe, na hapo ndipo gesi hupata njia ya kutoka. Karatasi ya majibu inayotaja ureasi bila kutaja mfinyanzi, mboji, pH, aina ya bafa na joto la kipimo, mimi ningeirudisha maabara. Na anayesubiri majibu hayo huku mvua za Novemba zimeshaanza, afukie urea yake sentimita 5 chini. Kwa hilo hahitaji bureti.