Pampu Inapokuwa Ngumu

Katika kazi zote za gari ambazo mtu anaweza kuzifanya uani kwake, hakuna niipendayo kama kubadilisha filta ya dizeli. Nazungumzia hasa Land Cruiser zenye injini ya 1HZ, ile ya lita 4.2 na silinda 6, ambazo zimebeba watalii na wagonjwa kwenye barabara zetu za vumbi kwa miaka mingi. Ukifungua boneti, filta unaifikia kwa mkono, na juu ya kichwa chake imewekwa pampu ndogo ya kubonyeza kwa kiganja. Aliyeibuni alimfikiria mtu aliyekwama porini, nami namheshimu kwa hilo.

Kabla ya kuitupa filta kuukuu, isome. Fungua koki ya chini, kinga mafuta kwenye chupa inayoonyesha, uyaache yatulie. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo hushuka chini na kujitenga waziwazi. Hapo utaviona vituo ulikojaza mafuta, vidumu vilivyokuokoa njiani, na tangi lililolala nusu tupu usiku wa baridi mpaka likatoa jasho kwa ndani. Gereji, hata fundi awe mwema kiasi gani, habari hizi huishia kwenye pipa la taka. Na ni habari nzito, maana pampu kuu ya injini hii hulainishwa na dizeli yenyewe. Maji yakiifikia, kutu huanza kuila.

Kitambuzi cha maji kilicho kitakoni huhamishiwa filta mpya. Sili ipake dizeli, kisha kaza kwa mkono: ikishagusa, ongeza robo tatu ya mzunguko, basi. Spana ni ya kufungulia tu.

Wengi huijaza filta mpya dizeli ya kidumu ili gari liwahi kuwaka. Sikubaliani nao hata kidogo. Ukimimina kwenye tundu la kati, umeyavusha mafuta upande wa pili wa karatasi bila kuchujwa, na kutoka hapo ni moja kwa moja kwenye pampu na nozo. Umenunua filta ya nini, basi? Piga pampu ya mkono. Mwanzoni ni laini, inasukuma hewa tupu. Endelea. Itaanza kukupinga kidogo kidogo, mpaka iwe ngumu chini ya kiganja, na hapo ujue hewa imekwisha. Hakuna geji ya kukuambia hivyo. Kiganja kimejifunza chenyewe, na raha ya kazi hii yote, kwangu, iko hapo.

Gari likiwaka, futa, utazame kama panavuja. Hata pakiwa pakavu, usimalize. Filta hii iko upande wa kuvuta, mafuta hunyonywa kupitia humo, hivyo sili mbaya yaweza isidondoshe hata tone, ikaingiza hewa kimyakimya. Ngoja asubuhi, injini ikiwa baridi. Ikizunguka sana kabla ya kuwaka, rudi kwenye sili.