Nyundo Iliyosimama Hewani: Uchambuzi wa Loti ya Saba

Mnada wa hisani wa mvinyo, ulioandaliwa na watu wa kujitolea kwa ajili ya jumba la makumbusho ya sanaa ambalo halina haja ya kutajwa jina mbele ya wasomaji waliokuwa pamoja nami chini ya turubai lile la mji wa Marekani, uliharibiwa na amri moja tu, nayo ni amri ya kuirudufu loti ya saba. Nasema uliharibiwa, hali nikijua ya kuwa jumla iliyosomwa usiku ilipokwisha ilipigiwa makofi mengi, na ya kuwa fedha zile zitawafaa watoto watakaofundishwa kuchora katika vyumba vya jumba hilo.

Kazi nyingine zilikuwa njema: orodha ilichapwa kwa uangalifu, chupa zilihifadhiwa katika baridi ipasayo, na vijana waliopeleka karatasi za sahihi baada ya kila nyundo hawakukosea hata mara moja.

Ama loti ya saba, kumbukeni hali ilivyokuwa. Ilikuwa chupa moja ya lita 6, yaani ujazo wa chupa 8 za kawaida, na mwenye shamba aliyeitoa sadaka alikuwa ameketi meza ya mbele. Dau lilianza na watu watano, likawaacha watatu njiani, likabaki baina ya wawili: bibi wa upande wa kulia, aliyekuwa akiinua kibao chake kabla bei haijatajwa ikaisha, na bwana wa upande wa kushoto, aliyekuwa akingoja hadi dakika ya mwisho ndipo ainue chake. Bei ilikuwa imekwisha pita maradufu ya makadirio ya orodha, na hema zima lilikuwa kimya, hata vijiko havikusikika. Hapo, badala ya kuliacha shindano liende mpaka mmoja wao atikise kichwa, dalali, kwa ishara aliyopewa na mwenyekiti wa kamati aliyesimama kando ya jukwaa, aliishusha nyundo bila ya kuigonga, akamgeukia mwenye shamba, akamwuliza mbele ya kadamnasi kama hana chupa nyingine iliyo sawa na ile. Mwenye shamba alitabasamu kama atabasamuvyo mtu asiyeweza kukataa machoni pa watu, akakubali. Na wale wawili wakapewa, kila mmoja kwa bei ile ile.

Watetezi wa amri hii hunionyesha hesabu: bei moja iligeuka mbili kwa neno moja. Hesabu hiyo ni sahihi kwa loti ya saba, lakini kwa mnada ni batili. Mtu mwenye thamani kubwa katika mnada, kupita hata mshindi, ni yule anayeshindwa mwisho, kwa kuwa ndiye aliyempandisha mwenziwe, na ndiye atokaye katika loti hiyo na fedha zake kamili mfukoni na shauku yake haijashiba, akaipeleka kwenye loti ya nane, ya tisa na ya kumi. Kamati ilimshibisha mapema. Fauka ya hayo, iliwafundisha wote waliokuwa wakitazama kwamba chupa iliyoandikwa kuwa ya pekee ina nduguye ghalani, na kwamba yatosha kuwa wa pili ili upate sawa na wa kwanza. Sheria ya biashara ya Marekani, katika kifungu cha 2-328, huhesabu mauzo kuwa yametimia nyundo inapoanguka, na kabla ya hapo mzabuni ana hiari ya kuliondoa dau lake. Basi muda ule mfupi wa hatari ndio mali yote ya mnada, na kamati iliutumia kufanya suluhu.

Mifano ipo: Michael Broadbent, aliyeiongoza idara ya mvinyo ya nyumba ya mnada ya Christie's tangu 1966, alinadi mnada wa kwanza wa hisani wa bonde la Napa mwaka 1981, katika joto la kuunguza. Siku hiyo kasha moja la mvinyo wa kwanza wa ubia wa Robert Mondavi na Baron Philippe de Rothschild, mavuno ya 1979, lilifika dola 24,000. Wabia hao walikuwa na makasha mengine, lakini lililouzwa lilikuwa moja. Mwaka 2000, katika bonde lile lile, chupa ya Screaming Eagle ya mavuno ya 1992, yenye lita 6 kama yetu, iliuzwa dola 500,000. Na huko Beaune, Ufaransa, ambako mapipa yamenadiwa kwa ajili ya hospitali tangu 1859, na ambako jengo la kale la hospitali hiyo leo ni makumbusho yenye picha ya Rogier van der Weyden ya Siku ya Hukumu, desturi ilikuwa kuuza kwa mshumaa: dau la mwisho kabla ya mwali kuzimika ndilo lishindalo. Utambi haupokei ishara kutoka kando ya jukwaa.

 

Namheshimu mwenyekiti, aliyefanya kazi miezi mingi pasipo ujira, na ndiyo maana namwomba kwa taadhima aandike katika kanuni za mwaka ujao kwamba loti haitarudufiwa ila mtoaji awe ameridhia faraghani kabla ya siku ya mnada, na orodha iwe imesema wazi. Kwani loti ya tisa, ambayo kwa mavuno ilikuwa bora kuliko ya saba, iliitwa mara tatu kwa bei ya kuanzia. Kibao cha yule bwana wa kushoto kilikuwa kimelala kifudifudi chini ya kikombe cha kahawa. Bibi wa kulia alikuwa akizungumza na jirani yake. Na kutoka meza za nyuma mtu mmoja alipaza sauti, akauliza kama chupa hiyo nayo haina nyingine.