Usiku Mmoja wa Ibn Battuta

Ami mmoja wa mtaani kwetu, hapa Likoni, alifanya kazi jikoni kwenye meli za watalii. Kuna mji mdogo wa bandari huko Norwei, Svolvær, katika visiwa vya Lofoten, ambao mpaka leo hajamaliza kuusimulia. Meli ilifika asubuhi, akapewa saa mbili za kushuka. Aliona samaki wametundikwa kwenye vichanja vya miti, wengi hawahesabiki, bila chumvi, wanakaushwa na upepo na baridi tu. Harufu, anasema, ng'onda mtupu, mtu akajiona yuko nyumbani. Halafu humalizia vilevile kila mara: "Lakini mwanangu, wale watu wako peke yao. Nyuma ya mji ni jabali tu, hakuna mtu."

Nilitazama ramani. Nyuma ya lile jabali kuna barabara na vijiji, Laukvik kikiwa kimoja. Sikumwambia. Samaki aliwaona sawasawa. Ila alidhani pale macho yake yalipokomea ndipo na nchi ilipokomea.

Nimemleta ami kwa sababu ya kipande kifupi cha maandishi ambacho sisi watu wa Mombasa hupenda sana kukitaja, na sidhani kama tunakisoma. Ibn Battuta, mtu wa Tangier, alifika kwetu kwa jahazi mwaka 1331 hivi, akitoka Mogadishu akienda Kilwa. Akalala usiku mmoja, akaondoka. Alichosema juu yetu huletwa kwenye hotuba kama cheti cha tabia njema: watu wa dini, wema, wafuasi wa Shafi, misikiti yao ya mbao imejengwa vizuri. Hapo tunapiga kifua, tunafunga kitabu.

Sentensi za mwanzo tunaziruka. Zinasema Mombasa ni kisiwa kikubwa, kati yake na nchi ya Sawahil ni safari ya siku mbili baharini, na kwamba hakina bara.

Siku mbili! Mimi ninayeandika haya nasikia honi ya feri nikiwa kitandani. Kuvuka ni dakika kumi, kinachochosha ni foleni. Na kule Makupa, upande wa Changamwe, zamani kabla ya daraja watu walivuka kwa miguu maji yakipwa. Wafasiri wengine hujaribu kumwokoa: ati alimaanisha mji haukuwa na milki upande wa bara. Sawa, huenda. Lakini zile siku mbili zinabaki palepale. Tukumbuke pia kwamba hakuandika akiwa chomboni. Alimsimulia Ibn Juzayy huko Fez, na kitabu kikakamilika mwaka 1355, zaidi ya miaka 20 baada ya ule usiku wake mmoja.

Mtu wa kisiwani anaweza kulicheka kosa hili likapita. Mtu wa Likoni, Kisauni au Changamwe halimpiti hivihivi, kwa sababu amelizoea. Hata leo "Mombasa" kwenye kadi za posta ni Fort Jesus na vichochoro vya Mji wa Kale. Hata sisi tukivuka tunasema tunakwenda mjini, kana kwamba tulipotoka hapana jina. Neno bara lenyewe limetukimbia; mbara ni mtu wa juu huko, sisi ni watu wa ng'ambo tu. Kwa hiyo nilipokutana mara ya kwanza na hayo maneno, kwamba hakina bara, nilikasirika kweli. Nikataka kumtupa mzee huyu na misikiti yake.

Kilichonizuia ni chakula. Mistari michache mbele anasema watu wa kisiwa hawalimi nafaka, huletewa kutoka Sawahil. Wao chakula chao zaidi ni ndizi na samaki. Anataja ndimu, na tunda aliloliita jammun, lenye kokwa kama zeituni na tamu sana, ambalo nadhani ni zambarau hizihizi. Sasa wewe niambie: kisiwa kisicholima kilikuwa na watu wake na misikiti yake, na nafaka ikifika. Kuna waliolima, kuna waliopakia, kuna waliovusha. Hakuwaona, lakini amewaandika. Kila alfajiri mikokoteni ya nazi na mihogo kutoka Kwale ikisukumwa kuingia feri, naisoma upya sentensi hiyo, na siwezi tena kusema hatumo.

Jambo jingine ni watu. Akiwa Mogadishu ana mwenyeji, ana wali wa samli, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu, na mtawala mwenye jina. Kilwa anaye Sultani Hasan na hadithi ndefu ya ukarimu wake. Mombasa hana mtu hata mmoja. Hakuna jina, hakuna aliyesema neno. Sijui msomaji gani wa kwetu amewahi kuliuliza hilo.

Lakini, na hapa lazima nimpe haki yake, kwa kukosa mtu wa kuzungumza naye alitazama chini, na alichokiona chini ndicho bora kuliko zile sifa zote. Kisima mlangoni pa msikiti, kina chake dhiraa moja au mbili. Chombo cha mbao kilichofungwa kijiti chembamba. Ardhi iliyosawazishwa. Watu wanatembea pekupeku, wanaosha miguu, na mlangoni pana kipande cha mkeka mnene wa kujifutia. Huo mkeka haukutiwa ili kutusifu. Aliukanyaga, akaukumbuka zaidi ya miaka 20.

Juzi nilimsomea ami kipande chote barazani. Siku mbili zilimchekesha mpaka akakohoa: "Huyo alipanda feri gani?" Tulipofika kwenye mkeka akanyamaza, akaniomba nirudie.

"Na aliyemtekea maji," akauliza, "hakumtaja?"

"Hakumtaja, ami."