Kuhimili, Kushirikishwa na Kuuza Hewa: Uhakiki wa Kiswahili cha Tabianchi katika Miradi ya Jamii

Ikisiri

Makala hii inahakiki msamiati wa Kiswahili unaotumiwa kuelezea kazi za jamii katika kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi nchini Kenya na Tanzania. Inadai kwamba istilahi zinazopendelewa katika maandishi ya kisera humweka mwanakijiji mahali pa mpokeaji na mbeba mzigo, na kwamba madhara yake huonekana zaidi katika mikataba ya kaboni. Mifano mikuu ni mikoko ya Gazi, Kwale, na ngitili za Shinyanga.

1. Usuli

Katika ghuba ya Gazi, kusini mwa pwani ya Kenya, wakazi wa vijiji vya Gazi na Makongeni hutunza hekta 117 za mikoko chini ya mradi uitwao Mikoko Pamoja. Tangu mwaka 2013 mradi huo umekuwa ukiuza, kwa kufuata viwango vya Plan Vivo, hati za takriban tani 3,000 za kaboni dioksidi kwa mwaka. Mapato yamesaidia huduma ya maji na ununuzi wa vitabu vya shule. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta, na mfano wake umefuatwa Vanga, karibu na mpaka wa Tanzania. Sifa hizo zimekwisha kuandikwa mara nyingi.

Kisichotazamwa vya kutosha ni lugha. Jina la mradi lina maneno mawili tu, na hakuna mtoto wa Gazi anayehitaji kufafanuliwa hata moja. Halina kaboni, halina tabianchi, halina ustahimilivu. Linataja mti na namna watu wanavyoufanyia kazi. Msomaji akitoka kwenye jina hilo na kuingia katika maandishi ya kisera kuhusu miradi ya aina hii, sarufi hubadilika ghafla: wananchi huelimishwa, huhamasishwa, hujengewa uwezo na, hatimaye, hushirikishwa.

2. Sarufi ya ushirikishwaji

Kitenzi *kushirikishwa* kinastahili kuangaliwa kiambishi kwa kiambishi. Kiini chake ni *shiriki*. Kauli ya kusababisha humleta mtu mwingine anayemfanya mtu ashiriki. Kauli ya kutendwa humwondoa huyo mwingine machoni, lakini haimpi mshiriki nafasi yake. Nomino iliyozaliwa humo, *ushirikishwaji*, imeenea katika nyaraka za mazingira kiasi cha kulisogeza kando neno *ushirikiano*, ambalo limejengwa juu ya kauli ya kutendana na linadai pande mbili zinazolingana. Tofauti ya maneno haya mawili si ya mtindo. Moja linaeleza hisani na jingine linaeleza mapatano.

Hata hivyo, kauli ya kutendwa isilaumiwe kupita kiasi. Mwanakijiji anaposimama mkutanoni na kusema "hatukushirikishwa", anaitumia kauli hiyohiyo kama silaha, na ofisa husika hulazimika kujibu. Kosa lipo pale kitenzi hicho kinapotumiwa na mwenye mradi kujipa alama.

Neno *kuhimili*, pamoja na ndugu yake *kustahimili*, lina uzito wa namna nyingine. Yote mawili yanatokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kubeba, mzizi uliotupatia pia *hamali*, yule anayebeba shehena isiyo yake. Katika matumizi ya kila siku, anayeambiwa "stahimili" ni mfiwa, mgonjwa au mke mwenye ndoa ngumu, na aghalabu anayemwambia hana nia ya kumwondolea linalomsibu. Sera inapousifu ustahimilivu wa mvuvi au mkulima wa Afrika Mashariki, mtu ambaye mchango wake katika kuongezeka kwa gesijoto ni mdogo mno, inamsifu kwa kubeba shehena ya wengine. Pengine istilahi hiyo ni ya kweli kuliko walioichagua walivyokusudia.

3. Msamiati uliokuwapo

Inadhaniwa mara nyingi kwamba lugha za wenyeji hazina maneno ya uhifadhi na kwamba kazi ya wataalamu ni kuyaunda. Ushahidi wa mikokoni unakanusha dhana hiyo. Neno *mikoko*, linalotumiwa kisera kwa msitu mzima, kwa wenyewe lina pia maana finyu: mkoko ni mmoja kati ya miti kadhaa, sambamba na mkandaa, mchu, muia, mkomafi na mlilana, na kila mmoja una mahali pake kutegemea kina na chumvi ya maji. Miti iliyokatwa nayo ina daraja zake kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Madaraja hayo yalikuwa lugha ya soko ndefu ya majahazi iliyopeleka boriti Uarabuni na Ghuba. Anayejua kwamba mti fulani bado ni pau na haujafika boriti anajua umri wa msitu bila kipimo cha maabara. Anayejua bamvua na maji mafu anajua siku ya kupanda miche. Mara chache sana maarifa hayo huingia katika ripoti kwa majina yake.

Shinyanga inatoa mfano wa kinyume. *Ngitili* ni neno la Kisukuma kwa eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili mifugo ipate majani kiangazi. Programu ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, iliyoanza mwaka 1986, haikulitafutia neno mbadala. Ngitili za kaya na za jamii zilifufuliwa kwa jina lilelile, na sheria ndogo zikajadiliwa katika dagashida, baraza la wanajamii. Neno liliingia katika maandishi ya kitaifa na kimataifa likiwa na kanuni zake zote: msimu, mwenye eneo, na adhabu ya anayeingiza ng'ombe kabla ya wakati. Nafasi hiyo ingejazwa na "eneo la hifadhi shirikishi", kanuni hizo zingelazimika kuandikwa upya kama kiambatisho, na viambatisho havisomwi.

4. Hewa, mkopo au amana?

Ugumu mkubwa zaidi umo katika jina la kile kinachouzwa. Tanzania imezoea kusema "biashara ya hewa ukaa", na neno "kaboni" hutumika katika nchi zote mbili. *Hewa ukaa* ni istilahi iliyoundwa kwa ustadi, lakini imeingia katika lugha ambamo *hewa* tayari ina kazi nyingine. Hasa tangu uhakiki wa orodha za mishahara Tanzania mwaka 2016, "wafanyakazi hewa" ni watu wasiokuwapo wanaolipwa fedha zilizopo. Kuna wanafunzi hewa na pembejeo hewa. Msikilizaji anayeelezwa kwamba kijiji chake kitauza hewa ana sababu ya kilugha ya kushuku, na shaka hiyo haiondolewi kwa kumwita mtu mwenye uelewa duni.

Istilahi hiyo pia inapotosha. Sehemu kubwa ya kaboni ya mikoko imo kwenye tope chini ya mizizi. Mnunuzi halipii hewa. Analipia uhakika kwamba kilichomo katika tope na mti hakitaachiliwa kuwa hewa.

"Mkopo wa kaboni", unaojitokeza katika baadhi ya maandishi, ni kosa lenye hatari zaidi. Kijijini mkopo una riba, una mdhamini, na una siku ya kuja kuchukuliwa mbuzi au kiwanja. Hakuna semina inayoweza kulishinda neno hilo.

Mambo haya yana bei. Marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya Kenya ya mwaka 2023 yanautaka mradi wa kaboni unaotegemea ardhi uipe jamii mchango wa kila mwaka usiopungua asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Tanzania nayo ilitoa kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022. Iwapo mkalimani atasema "faida" mahali penye "mapato", jamii itakuwa imesikia ahadi ndogo kuliko ile ya sheria, na itaridhika nayo. Makosa ya namna hii hayahitaji mtu mwovu; yanahitaji tu mkutano wa saa mbili, hati ya Kiingereza, na mkalimani aliyechoka.

Kiswahili kina neno linalostahili kujaribiwa, nalo ni *amana*. Amana ni kitu kilichowekwa kwa mtu ili akilinde, na neno lenyewe huzua maswali ambayo mkataba unapaswa kuyajibu: mwenye mali ni nani, mtunzaji ni nani, kwa muda gani, na mtunzaji anapata nini. Swali la kwanza ni gumu kuliko linavyoonekana, kwa kuwa msitu wa mikoko Kenya ni mali ya umma, kijiji ni mtunzaji kwa makubaliano, na mnunuzi wa hati yuko mbali. Upungufu wake ni kwamba kwa desturi amana hutunzwa kwa uaminifu zaidi kuliko kwa ujira, hivyo mnunuzi mwerevu anaweza kulitumia neno hilo kupunguza malipo.

Lakini desturi hiyohiyo husema kwamba mtunza amana hadaiwi kilichopotea bila uzembe wake. Mvua za El Niño za 1997–98 zilisomba mashapo yaliyoua mikoko katika hori ya Mwache, Mombasa, na hakuna mwanakijiji aliyeshika shoka. Msiba kama huo ukitokea katika msitu ambao hati zake zimekwisha kuuzwa, kitakachoamua nani abebe hasara ni kifungu kimoja cha mkataba. Kifungu hicho ndicho kinachofaa kuandikwa kwanza kwa Kiswahili, mbele ya wapanda miche wenyewe, kabla ya kupelekwa kwa mwanasheria kutafsiriwa kwa Kiingereza.