Papa Leo XIII mbele ya mashini ya sinema

Katika mwaka 1898, fundi William Kennedy Laurie Dickson, aliyetumika zamani kwa Edison, alipata ruhusa ya kuingia Vatikano na mashini yake ya sinema. Alipiga picha za Papa Leo XIII katika bustani: mara yumo katika gari la farasi, mara ameketi juu ya benchi. Baba Mtakatifu alikuwa na miaka 88. Alizaliwa katika 1810, wakati ambapo foto yenyewe haikujulikana bado. Picha hizo zinazunguka leo katika simu za wakristu wetu, na makatekista wanaulizwa juu yake. Ndiyo maana twapenda kuzipima hapa.

Kwanza tusifu. Mzee haogopi. Anatazama mashini bila haraka, anainua mkono, anabariki. Wengi wanastaajabu, sisi hatustaajabu. Katika 1867, alipokuwa Kardinali Pecci, Askofu wa Perugia, alikwisha kutunga shairi la Kilatini juu ya ufundi wa foto. (Ni kweli kwamba Papa Gregori XVI alikataza njia za reli katika nchi zake, lakini Mapapa si mtu mmoja.) Tena tukumbuke kwamba tangu 1870 Papa hakutoka Vatikano. Waitalia walikuwa wametwaa Roma. Watu wa Amerika, ambao hawangemwona kamwe, walimwona sasa akitembea na kugeuza kichwa. Hapo filamu ilifanya kazi njema kabisa.

Lakini kuna jambo linalotusumbua. Kampuni ya Dickson ilikuwa na sanduku liitwalo Mutoscope: mtu anatia senti, anachungulia katika tundu, anazungusha mkono wa chuma, na picha zinapita moja moja. Katika masanduku kama hayo watu walitazama pia wachezaji na mambo ya upuzi. Baraka ya Papa ilitiwa katika soko lile lile. Dickson alikuwa fundi hodari, hatumlaumu kwa kazi ya mikono yake; lakini filamu yake haionyeshi watu wanaobarikiwa. Mkono unainuliwa kuelekea mashini tu, na mtazamaji anaachwa adhani chochote.

Tena kuna udanganyifu wa siku zetu. Filamu ile haina sauti. Sauti ya Leo XIII akisali Ave Maria ilikamatwa mbali, katika 1903, mwaka wa kufa kwake. Watu wameziunganisha, hata mtazamaji anaamini kwamba mzee anasali mbele yake katika bustani. Saa ile haikuwako hata kidogo! Kila kimoja ni cha kweli, na kwa pamoja vinasema uwongo. Sisi tungependa tumwone kimya, kisha tumsikilize tukifumba macho.

Je, mkristu anayejiandika alama ya msalaba mbele ya picha hizo amebarikiwa? Kanisa limekubali kwamba anayefuata kwa ibada baraka Urbi et Orbi katika redio ao televizyo, wakati inapotolewa, aweza kupata indulgensia. Papa Leo amekufa tangu 1903. Mkono wake katika filamu ni ukumbusho. Katekista asimcheke mama mzee anayepiga magoti mbele ya simu. Amweleze polepole, kisha amwombe wasali pamoja kwa ajili ya Papa aliye hai.