Uzazi wa bure unalipa kitanda. Nani atalipa simu?



Mwezi wa tisa 2023 serikali ilianzisha uzazi wa bure kule Kinshasa, ndani ya mpango wa afya kwa wote, ule tunaita CSU, kisha ukaendelea mu majimbo mengine. Mama halipi kipimo cha mimba, halipi kuzaa, hata akipasuliwa halipi, na mtoto anatunzwa bure mpaka siku 28. Mimi sipingi. Mu inchi ambako mama anaweza kuzuiliwa lopitali na kitoto chake juu ya deni, ile ni kazi kubwa. Lakini niko na neno: pesa inalipwa kwa kazi iliyofanyika ndani ya lopitali. Mama asipofika, hakuna kitu cha kulipa.

Tutazame Banalia. Toka Kisangani ni kilometa karibu 130, kwa barabara ya Buta, mpaka mto Aruwimi. Wakati wa mvua, motari anatazama kwanza mbingu ndipo anakutajia bei. Mama wa mimba ya miezi saba, tansio yake ikipanda, mara mingi hajui. Kichwa kinaluma, miguu inavimba, anasema ni uchovu wa shamba. Siku degedege inamwangusha, lopitali ya bure iko mbali.

Na bei ya kuchelewa kujua, Banalia inaijua. Mu 2021, wakati serikali ilitangaza menenjiti mwezi wa tisa, watu 261 walikuwa wamehesabiwa kama wagonjwa na 129 walikuwa wamekufa. Vipimo vya kuhakikisha vilifanyiwa Paris, kwa Institut Pasteur. Ugonjwa ni mwingine, lakini somo ni moja: habari ya wagonjwa ilitembea polepole kuliko ugonjwa wenyewe.

Kumfuata mgonjwa kwa mbali si mambo ya wazungu tu. Reko wa kijiji anapewa mashini ya kupima tansio. Kila juma anapima wamama, anatuma namba kwa infirmie. Infirmie anasoma na kujibu: baki, kuja juma hili, ao kuja leo. Lakini yuniti zitatoka mu mfuko ya nani? Saa ya infirmie nani atalipa? Mtumbwi wa kushuka je? Hapo ndipo CSU inapaswa kuingia.

Wengine wamejaribu. Marekani, bima ya wazee, Medicare, iliweka malipo ya kazi hii mu 2019, lakini kwa mashini ilitaka vipimo vya siku 16 ndani ya siku 30. Kwetu, rezo ikikatika juma nzima, infirmie angekosa malipo bure. Sisi tulipe jibu la infirmie, tusihesabu siku za mashini. Rwanda nao, mutuelle ililipia kumwona munganga kwa simu kupitia Babyl. Mu 2023 kampani mama, Babylon ya Uingereza, ilianguka, na Babyl ikafunga. Kwa hiyo kazi hii ibaki mu mikono ya zone ya afya, si ya kampani ya mbali.

Mtu atasema: kwanza barabara, kwanza dawa. Ni kweli, simu haizalishi mama. Na pale rezo haifiki kabisa, reko atapeleka karatasi kwa kinga. Lakini sisi watu wa kilimo hatungojei siku ya kuvuna ndipo tutazame kama muhogo uko na ugonjwa. Tukijua juma moja mbele, mtumbwi unaondoka mchana, mama akiwa bado anatembea kwa miguu yake.

Ninyi mlio mu afya, mkiitwa mu mkutano wa CSU, ombeni karatasi ya bei. Kuzaa kuko na bei yake, kupasua kuko na bei yake. Ulizeni jibu la infirmie limeandikwa wapi.